MAMBO YA NYUMBANI: Hesabu ya Kadi na Tuhuma ya Mtu



Mwezi huu twapenda kusema nanyi juu ya karatasi moja ambayo nyumba nyingi siku hizi huletewa, na wachache ndio waisomao. Nayo ni ile taarifa ya benki inayoeleza fedha zilizoingia na zilizotoka kwa njia ya kadi. Huenda baadhi yenu mkastaajabu mkasema: Mwalimu wa madrasa ana nini na kadi za benki? Jawabu yetu ni kwamba jambo hili lilitufika sisi wenyewe, likatutia katika dhulma tuliyomfanyia kijana asiye na kosa. Twalieleza hapa, ijapokuwa halitupambi, ili mwenzetu mwingine asije akaanguka pale tulipoanguka.

Khabari yenyewe ni hii. Mwanetu mmoja anafanya kazi Muscat, naye alitushauri tufungue akaunti na tuchukue kadi, ili fedha anazotuletea, pamoja na ada za wanafunzi, zisilale ndani ya sanduku. Tukafanya hivyo. Lakini magoti yetu si ya ujana, na mashine ya kutolea fedha iko mbali na mtaa wetu. Basi tukampa kadi, pamoja na namba yake ya siri, mtoto wa dada yetu, kijana wa miaka 19 aliyesoma kwetu tangu alif mpaka akakhitimu. Kumpa mtu namba ya siri, hata akiwa wa nyumbani, ni jambo lililokatazwa katika mapatano ya benki, nasi tulikuwa tumeyatia saini mapatano hayo bila ya kuyasoma. Hilo ndilo lililokuwa kosa letu la kwanza.

Kila tulipomtuma, kijana alirudi na fedha kamili na kipande cha risiti kilichotoka mashineni. Risiti ile aliitia ndani ya kopo la biskuti lililokuwa juu ya kabati. Sisi hatukuwahi kulifungua kopo lile hata siku moja.

Mwishoni mwa mwezi wa Oktoba, mwaka 2023, tulikwenda benki kwa nia ya kulipia mabati ya paa la madrasa. Tukaambiwa kuwa salio limepungua. Na tulipopiga hesabu ya kichwani tukaona zimekosekana yapata shilingi elfu saba. Hapo ilitupasa kuuliza: Fedha zimekwenda wapi? Sisi tukauliza: Ni nani aliyekuwa akiishika kadi? Tukarudi nyumbani tukamwita kijana barazani, mbele ya watu wawili watatu, tukamwambia airudishe kadi na kwamba hatuhitaji tena kumtuma. Neno "wizi" halikututoka kinywani, wala halikuhitajika. Kila aliyekuwapo alilisikia. Naye akasema maneno machache tu: "Mjomba, risiti zote zimo koponi." Tukamjibu: "Basi, yatosha." Usiku ule akaondoka kwenda kwa mama yake, na darasani hakuonekana tena. Kadi tukaifungia sandukuni.

Miezi miwili ikapita. Binti yetu, ambaye amesomea kazi ya kuandika hesabu, alikuja kututembelea akaikuta khabari hii mdomoni mwa kila mtu wa nyumbani. Akatuuliza: "Baba, taarifa ya benki inasemaje?" Tukanyamaza, kwa kuwa hatukuwa na la kusema. Asubuhi yake akatupeleka benki, tukaomba taarifa ya mwaka mzima, ikapigwa chapa. Akaketi mkekani, akalishusha lile kopo, akaanza kuulinganisha kila mstari na risiti yake. Mara 22 kijana alitoa fedha kwa mashine, na risiti 22 zilikuwamo koponi, hapana hata moja iliyopungua wala kuzidi.

Mistari saba ikabaki haina risiti. Yote ilikuwa ya kampuni moja ya nchi ya mbali ambayo hatujapata kuisikia. Yote ilikatwa siku zinazokaribiana za kila mwezi, tangu Juni mpaka Disemba, kwa kiasi kile kile cha dola. Ila kwa shilingi kiliongezeka kidogo kidogo kwa kuwa dola ilikuwa ikipanda. Ya kwanza ilikuwa shilingi 1,390 na ya mwisho shilingi 1,500. Jumla yake yote ilikuwa shilingi 10,100. Na mistari miwili katika saba hiyo ilikatwa mwezi wa Novemba na Disemba, wakati kadi imo ndani ya sanduku letu na ufunguo uko mfukoni mwetu. Tulipoiona hiyo mistari miwili, hatukuweza kuinua uso mbele ya binti yetu.

Benki ikaifunga kadi na kuandika malalamiko yetu. Baada ya uchunguzi wao wakaturudishia makato matatu ya mwisho, shilingi 4,445. Yale manne ya mwanzo, shilingi 5,655, wakasema yamekwisha pita siku zilizoandikwa katika mapatano kwa mtu kulalamika. Wakatuonyesha pia kwamba kila fedha zilipotoka walituma ujumbe wa simu, isipokuwa ulikwenda kwenye namba ya zamani tuliyoiacha, wala hatukuwapa namba mpya. Basi hatukuwa na hoja.

Hiyo ndiyo khabari yetu. Sasa na tueleze jambo lenyewe, ili kila mwenye nyumba apate faida.

Kadi hizi ni za namna mbili. Iko kadi ya akiba, ambayo hutoa fedha zako mwenyewe zilizomo katika akaunti. Na iko kadi ya mkopo, ambayo benki hukulipia kwanza, kisha mwisho wa mwezi ikakuletea hesabu. Na asiyelipa yote kwa wakati hutozwa riba, na hukumu ya riba yajulikana, hatuna haja ya kuirefusha leo. Katika kadi zote mbili mwizi hahitaji kuwa na kadi yenyewe mkononi. Namba iliyoandikwa juu yake, tarehe ya mwisho wake, na zile tarakimu chache za nyuma, hizo zamtosha kununua vitu kwa njia ya intaneti. Hupata namba hizo kwa kuvunja hazina ya duka ulilolipia, au kwa kukudanganya uziandike mahali pa uongo, au kwa mhudumu anayeinakili kadi wakati ameichukua mbali na macho yako.

Wala jambo hili si geni. Kadi ya Diners Club ilianza New York mwaka 1950. Mwaka 1958 benki ya Bank of America ilipeleka kwa posta kadi yapata 60,000 kwa wakazi wa mji wa Fresno, California, na watu hao hawakuziomba. Kadi nyingine ziliibwa, watu wakadaiwa fedha za vitu wasivyovinunua, na benki ikapata khasara kubwa. Kadi ile ndiyo iitwayo Visa tangu mwaka 1976. Mwaka 1970 sheria ya Marekani ilikataza kumpelekea mtu kadi ya mkopo asiyoiomba, na ikaweka kwamba kadi ya mkopo ikitumiwa na mwizi, mwenyewe hawezi kudaiwa zaidi ya dola 50. Kwa hiyo kadi na wizi wa kadi vimekwenda pamoja tangu mwanzo, na sheria iliyowekwa humsaidia yule aliyetazama hesabu yake akasema mapema.

Huenda mtu akasema: Mimi fedha zangu ni chache, mwizi atanitakia nini? Twamjibu kwamba mwizi wa namna hii hupenda kidogo. Mwaka 2010 idara ya serikali ya Marekani iitwayo Federal Trade Commission ilipeleka mahakamani khabari ya watu waliounda makampuni ya uongo, wakayapa majina yanayofanana na ya makampuni ya kweli, kisha wakakata fedha katika kadi za watu zaidi ya milioni moja. Kila kadi waliikata kiasi kidogo, baina ya senti 20 na dola 10. Waliokatwa wengi mno hawakulalamika, kwa kuwa hawakuona, au waliona wakadharau. Na vijisenti hivyo vilipokusanywa vilifika yapata dola milioni 10. Tazameni, ndugu zetu, jinsi dharau ya watu wengi ilivyokuwa mtaji wa watu wachache.

Tena liko jambo la pili. Mara nyingi mwizi hukata kwanza kiasi kidogo sana ili ajaribu kama kadi ingali hai. Ikipita, ndipo hurudi kuchukua kikubwa. Basi mstari wa shilingi 50 usioujua waweza kuwa na khatari kuliko mstari wa shilingi 5,000 unaoujua.

Na asome vipi mtu taarifa yake? Njia tuliyofundishwa na binti yetu ni nyepesi, hata aliyesoma madarasa ya chini aiweza, nasi wenyewe hatukupita shule ya msingi.

Kwanza, chagua siku moja ya mwezi usiyoikosa. Sisi tumeichagua Alkhamisi ya kwanza, baada ya alasiri. Ikiwa taarifa yako huja kwa simu au kwa barua ya intaneti, iombe ipigwe chapa, au ifungue na mtu anayejua. Na uhakikishe benki ina namba ya simu unayoitumia leo, na kwamba hutuma ujumbe kila fedha zinapotoka, hata zikiwa chache.

Pili, weka risiti zako zote mahali pamoja. Kopo latosha. Lakini lifungueni.

Tatu, chukua kalamu, uanze na mstari wa kwanza. Kila mstari uujuao na wenye risiti, utie alama. Usiruke mstari kwa kuwa ni mdogo. Itakayobaki bila ya alama ndiyo ya kuulizwa.

Nne, katika iliyobaki, usikimbilie kusema kuwa ni wizi. Duka laweza kuandikwa katika taarifa kwa jina la kampuni inayolimiliki, nalo si jina lililo kwenye ubao wa mlangoni. Tarehe yaweza kuchelewa siku mbili tatu baada ya kununua. Kitu kilichonunuliwa kwa dola hubadilishwa kwa shilingi, na benki yaweza kuongeza ada yake. Hoteli nayo huzuia fedha kwa muda kisha ikaziachilia. Tena waulize watu wa nyumbani kwa upole, kwani yawezekana mtoto alijiandikisha katika programu ya simu iliyosema ni bure kwa siku chache, nayo baada ya siku hizo ikaanza kukata kila mwezi mpaka iambiwe iache.

Tano, ukiisha yakinisha kwamba mstari si wako, usingoje kesho. Piga simu benki kwa namba iliyoandikwa nyuma ya kadi yenyewe, uombe kadi ifungwe na upewe nyingine yenye namba mpya. Kisha andika barua ya malalamiko: tarehe, kiasi, jina lililoandikwa, na maneno ya kwamba hukuidhinisha. Pokea namba ya malalamiko, na nakala ya barua uiweke nyumbani. Na akija mtu kukupigia yeye, akasema anatoka benki na anataka namba yako ya siri ili akusaidie kurudisha fedha, mkatie simu. Benki haina haja ya kuijua namba yako ya siri.

Yatupasa pia kuwakumbusha jamaa zetu walioko nchi za ng'ambo, kwa kuwa huko kadi ndiyo mfuko wa kila siku, na sheria zao zina siku zilizokatwa. Kwa walioko Marekani, sheria ya mwaka 1974 yampa mwenye kadi ya mkopo siku 60, tangu kupelekewa hesabu ya kwanza yenye kosa, afikishe malalamiko yake kwa maandishi. Benki nayo sharti ikiri kuyapokea ndani ya siku 30, na iyamalize katika mizunguko miwili ya hesabu, isiyozidi siku 90. Kadi ya akiba ina sheria yake ya mwaka 1978, nayo ni kali zaidi kwa mwenye kulala. Mwenye kadi iliyopotea au kuibwa akitoa khabari ndani ya siku mbili za kazi tangu ajue, khasara yake haizidi dola 50. Akichelewa yaweza kufika dola 500. Na akiacha siku 60 zipite tangu alipopelekewa taarifa, zile fedha zitakazochukuliwa baada ya siku hizo aweza kuzikosa zote. Kwa walioko Uingereza, kanuni za mwaka 2017 zataka mtu aseme bila ya kukawia mara aonapo, na kwa vyovyote isipite miezi 13 tangu fedha zilipokatwa. Ama sisi tulioko huku, kila mmoja ayatazame mapatano aliyoyatia saini, aulize siku za kulalamika ni ngapi, na aziandike penye kalenda yake.

Huenda mwingine akasema: Kukagua kila mstari ni ubakhili, nasi twatawakali kwa Mwenyezi Mungu. Twasema: La, hayo si ubakhili. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, nayo ni ya 282 katika Suratul Baqara, inakhusu kuandika madeni, mashahidi wake na muda wake, na haikuliacha deni dogo kwa udogo wake. Ikiwa kuandika kumeamrishwa, je, kilichoandikwa kiwekwe bila ya kusomwa? Na fedha zilizomo katika akaunti ya mwenye nyumba si zake peke yake. Imo riziki ya mke na watoto, na kwetu sisi ilikuwamo pia amana ya paa la wanafunzi. Mwenye kulinda amana hafungi macho.

Lakini faida kubwa ya kuisoma hesabu tuliipata kwa uchungu. Sisi tulidhani taarifa ya benki ni ya kumshikia mwizi tu. Kumbe ni shahidi pia, awezaye kumtoa mtu katika tuhuma. Dada mpishi, kijana wa kutumwa, mkwe aliyekuja juzi, hawa ndio watu wa kwanza kutazamwa kwa jicho baya fedha zinapopungua, na pengine mwizi yuko nchi ambayo hata jina lake hatulijui. Qur'ani imetuonya juu ya dhana katika Suratul Hujurat, nasi tuliifundisha sura hiyo kwa miaka mingi. Kijana tuliyemdhulumu aliihifadhi kwetu, katika chumba kile kile.

Tulikwenda kwa dada yetu Ijumaa iliyofuata. Tuliwachukua wale wale waliokuwapo barazani siku tulipomnyang'anya kadi, kwa sababu haifai kumtia mtu aibu mbele ya watu kisha ukamtaka radhi faraghani. Tukaiweka taarifa mbele ya kijana na mama yake, tukawaonyesha alama 22 na mistari saba, tukasema: "Tumekukosea. Tusamehe." Akalia, na sisi tukalia. Akasema: "Nimekusameheni, mjomba." Sasa amerudi darasani na huwasomesha watoto wadogo. Tulipotaka kumrudishia kazi ya kadi, alikataa kwa adabu akasema afadhali asiishike tena. Hatukumshurutisha. Siku hizi twakwenda mashineni sisi wenyewe, kwa bakora, polepole, na risiti twaitia koponi kwa mkono wetu.

Zile shilingi 5,655 hazikurudi, nazo tumekwisha zisahau. Ile siku ya barazani hatujaisahau, wala hatudhani kwamba yeye ameisahau.

Basi, ndugu zetu, usipite mwezi huu kabla hamjaisoma taarifa yenu mstari kwa mstari. Na siku mkiona fedha zimepungua, isomeni kwanza hiyo karatasi, kabla ya kumwita mtu yeyote barazani.

Wabillahi tawfiq.